Miaka kumi kabla ya joho: Njia ya kuufikia ujaji wa Mahakama Kuu

Agosti 1988, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mama mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Alikuwa amezeeka na hana wa kumtunza. Mnunuzi, mtu asiye wa ukoo, alimpa shilingi 300,000. Kesho yake ndugu yake mmoja alikuwa mahakamani akidai kuwa, kwa mila za Wahaya, mwanamke hula matunda ya ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini kuiuza hawezi. Mahakama ya Mwanzo ilikubaliana naye, ikabatilisha mauzo na kuamuru mnunuzi arudishiwe fedha zake. Mahakama ya Wilaya ikaupindua uamuzi huo. Ndugu akakata rufaa, na jalada likafika Mahakama Kuu, Mwanza.

Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliitupa rufaa hiyo. Tamko la sheria za mila la mwaka 1963 kweli lilimnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo. Lakini haki za binadamu zilikuwa zimeingizwa katika Katiba mwaka 1984, zikasubirishwa miaka mitatu, na zikaanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya mauzo yale. Jaji aliipima mila kwa Katiba, akaongeza mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia, akaamua kuwa mwanamke wa Kihaya anaweza kuuza ardhi ya ukoo kwa masharti yaleyale yanayomhusu mwanamume. Hukumu hiyo inasomwa hadi leo na wanafunzi wa sheria, ndani na nje ya nchi.

Shauri lile lilipanda ngazi tatu kumfikia jaji. Je, jaji mwenyewe hupanda ngazi zipi hadi kulifikia shauri? Wananchi wengi humwona jaji anapokula kiapo Ikulu mbele ya kamera, na pengine humwona tena siku yao wenyewe wanaposimama mbele yake. Miaka iliyotangulia kiapo haisimuliwi. Ni hasara, kwa sababu hukumu hubeba alama za njia aliyopita mwandishi wake.

Katiba inataka nini

Ibara ya 109 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inasema Mahakama Kuu itakuwa na Jaji Kiongozi na majaji wengine wasiopungua 30. Wote huteuliwa na Rais baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Zanzibar ina Mahakama Kuu yake, yenye Jaji Mkuu wake.

Sifa zenyewe zinaandikika kwenye kipande kidogo cha karatasi. Anayeteuliwa awe na shahada ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa, na awe amekuwa hakimu, au mtumishi wa umma mwenye sifa za uwakili, au wakili wa kujitegemea, au mtu mwenye sifa za kusajiliwa kuwa wakili. Na sifa hizo awe amezibeba mfululizo kwa muda usiopungua miaka 10.

Piga hesabu. Kijana anamaliza kidato cha sita akiwa na miaka 19 au 20. Shahada ya sheria inamchukua miaka mitatu au minne. Kisha inamngoja Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wengi huiita kwa mkato Shule ya Sheria, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yalizua mjadala wa nchi nzima: kati ya watahiniwa 633, waliofaulu masomo yote kwa mara ya kwanza walikuwa 26. Waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani walikuwa 342, na 265 walifeli kabisa. Serikali iliunda kamati chini ya Dk Harrison Mwakyembe kuchunguza tatizo. Wapo waliolaumu shule, wapo waliolaumu vyuo vikuu vinavyotoa shahada, na wapo waliosema tatizo linaanzia sekondari, kwenye lugha.

Anayevuka hapo huapishwa na Jaji Mkuu kuwa wakili akiwa na miaka 25 hivi, na saa ya miaka 10 huanza kugonga. Kwa hiyo hata kwa mwenye bahati kubwa, ujaji hauwezi kuja mapema sana kabla ya miaka 35. Kwa kawaida huja baadaye zaidi. Na kwa kuwa jaji wa Mahakama Kuu hustaafu akiwa na miaka 60, wengi hukitumikia kiti kwa muda mfupi kuliko ule waliotumia kukiendea.

Kupitia kizimbani na masijala

Njia ya kwanza, na ya kale kuliko zote, ni ya hakimu. Kijana huajiriwa Hakimu Mkazi, anapewa barua ya kituo, na mara nyingi kituo hicho kipo mbali na mji alikosomea. Huanza na mashauri ambayo magazeti hayaandiki: mirathi ya nyumba moja yenye wajane wawili, talaka, matunzo ya watoto, madai ya mkopo uliotolewa bila maandishi, wizi wa mifugo. Mbele yake husimama watu wasio na wakili, wasiojua hoja ya kisheria ni ipi na ipi ni malalamiko tu. Hakimu hujifunza kuichambua hadithi ya saa nzima akapata mambo matatu yanayohitaji uamuzi.

Kutoka hapo hupanda: Hakimu Mkazi Mwandamizi, Hakimu Mfawidhi wa Wilaya, kisha wa Mkoa. Baadhi hupewa mamlaka ya ziada, yaani huruhusiwa kusikiliza mashauri ambayo kwa kawaida ni ya Mahakama Kuu, yakiwamo ya mauaji. Wengine huhamia upande wa usajili. Naibu Msajili husimamia masijala, huhakikisha kumbukumbu za rufaa zimekamilika, na hushughulikia kukaza hukumu. Kazi hiyo ya mwisho humwonyesha jambo ambalo darasani halifundishwi: kushinda kesi ni jambo moja, kuipata nyumba au fedha uliyoshinda ni jambo lingine kabisa.

Jaji aliyetoka uhakimu hulijua jalada. Akisoma mwenendo wa shauri kutoka Mahakama ya Mwanzo, anatambua upesi mahali ambapo hakimu alichoka, mahali ambapo shahidi hakuulizwa swali lililopaswa kuulizwa, na mahali ambapo mshitakiwa hakuelezwa haki yake. Udhaifu unaoweza kuambatana na njia hii ni woga. Mtu aliyetumia miaka 20 akirekebishwa na walio juu yake anaweza kuzoea kuandika hukumu ya kujikinga badala ya hukumu ya kuamua.

Mawakili, maprofesa na brigedia

Njia ya pili hupitia ofisi za Serikali. Jaji Mkuu wa sasa, George Masaju, alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 2015, akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 2018, na Juni 2025 akawa Jaji Mkuu. Mohamed Chande Othman, Jaji Mkuu kuanzia mwisho wa 2010 hadi 2017, alikuja na uzoefu wa kuendesha mashitaka ya kimataifa: alifanya kazi katika Mahakama ya Umoja wa Mataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, na baadaye aliongoza mashitaka Timor ya Mashariki. Mwanasheria wa Serikali huijua sheria ya umma, zabuni, mikataba na kodi. Mtihani wake ni siku Serikali ile aliyoitetea inapokuwa mdaawa mbele yake. Katika shauri alilowahi kulishughulikia hujitoa. Lakini asilolishughulikia lazima alisikilize kana kwamba hajawahi kukaa upande wowote.

Njia ya tatu ni ya wakili wa kujitegemea. Huyu amelipwa na wateja, amepoteza kesi aliyoamini atashinda, na anazijua mbinu zote za kuchelewesha shauri kwa sababu pengine amewahi kuzitumia. Ukimletea pingamizi la awali lisilo na kichwa wala miguu, anakutambua kabla hujamaliza sentensi. Kinachomsumbua mwanzoni ni ukimya. Miaka yote alikuwa mzungumzaji, sasa kazi yake ni kusikiliza.

Njia ya nne ni ya chuo kikuu. Profesa Ibrahim Hamis Juma, Jaji Mkuu kuanzia 2017 hadi 2025, alifundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuongoza Tume ya Kurekebisha Sheria. Profesa John Ruhangisa alikuwa Msajili wa kwanza wa Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kabla ya kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Msomi huiona sheria kama msitu wakati wengine wanauona mti mmoja mmoja. Anachopaswa kujifunza upya ni shahidi: mtu wa nyama na damu anayesahau, anayeogopa, anayebadilisha maneno baada ya chakula cha mchana.

Wapo pia waliopita njia zisizo na jina. Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar, alihitimu sheria Dar es Salaam mwaka 1970, akaingia Jeshi la Wananchi na kufikia cheo cha Brigedia. Alikuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, akahamia Mahakama ya Rufani, akawa Jaji Mkuu wa Tanzania kuanzia 2007 hadi 2010, na hatimaye Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu.

Mahakama Kuu yenye afya inahitaji watu wa njia zote hizi. Ukijaza benchi kwa mahakimu watupu utapata mahakama inayojua taratibu na kuogopa mambo mapya. Ukilijaza kwa wanasheria wa Serikali, mwananchi anayeishitaki Serikali atauliza, na hatakuwa na kosa, kama anaipeleka kesi ya nyani kwa ngedere.

Benchi lililoanza bila wazawa

Njia hizi zote ni changa. Mahakama Kuu ya Tanganyika iliundwa kwa amri ya Mfalme wa Uingereza ya mwaka 1920, na kwa zaidi ya miaka 40 Mwafrika hakuwa na ngazi ya kuifikia. Mashauri yake mengi yaliishia katika mahakama za wenyeji, zilizokuwa mfumo wa pembeni. Ni mwaka 1963, kwa Sheria ya Mahakama za Mahakimu, ndipo mifumo hiyo miwili ilipounganishwa na shauri la kijijini likapata barabara ya kwenda Mahakama Kuu.

Wanasheria nao walikuwa wa kuhesabika. Kitivo cha sheria, cha kwanza katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilifunguliwa Oktoba 1961 na wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Ndiyo maana baada ya Uhuru Jaji Mkuu alikuwa bado mgeni. Telford Georges, kutoka visiwa vya Karibiani, alikishika kiti hicho kuanzia 1965 hadi 1971, alipompisha Augustino Saidi, Mwafrika wa kwanza wa nchi hii kuwa Jaji Mkuu. Miaka hiyohiyo ya 1970 Julie Manning akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu. Mwaka 1975 aliitwa Serikalini kuwa Waziri wa Sheria.

Hatua hiyo ya kutoka benchi kwenda barazani inaeleza enzi ya chama kimoja, wakati ukuta kati ya mihimili ulikuwa mwembamba. Leo ibara ya 113A inamkataza jaji, msajili na hakimu kujiunga na chama chochote cha siasa. Haki ya kupiga kura wamebakiwa nayo.

Baada ya kiapo

Jaji mpya hupangiwa kituo. Anaweza kutupwa Sumbawanga, Songea, Bukoba au Kigoma, au kwenye divisheni maalumu kama ya Ardhi, ya Kazi, ya Biashara, au ya Rushwa na Uhujumu Uchumi. Aliyekuwa bingwa wa mikataba ya benki anaweza kujikuta akisikiliza rufaa ya kaka na dada wanaogombea kiwanja cha marehemu mama yao.

Sheria inamtaka aandike hukumu ndani ya siku 90 baada ya usikilizwaji kufungwa. Siku hizo hazimkuti akiwa na jalada moja. Zinamkuta na rundo, huku mashauri mapya yakiingia kila wiki. Ushahidi hutolewa kwa Kiswahili, na kwa miongo mingi jaji alilazimika kuuandika kwa Kiingereza papo hapo, kichwa kikitafsiri na mkono ukikimbia.

Lakini uzito wa kiti huonekana zaidi katika vikao vya mauaji. Adhabu ya kosa la kuua kwa kukusudia ni moja, kunyongwa, na jaji hapewi nafasi ya kuchagua nyingine, ila kwa mshitakiwa mjamzito au aliyetenda kosa akiwa chini ya miaka 18. Tanzania haijanyonga mtu tangu katikati ya miaka ya 1990, lakini hukumu bado inatamkwa, na anayeitamka ni mtu mmoja, kwa sauti yake. Ndiyo maana katika mashauri haya mstari unaotenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia hupimwa neno kwa neno: walikuwa wanagombana? Nani alichokoza? Silaha ilikuwa ipi, na pigo lilitua wapi?

Juni 1994, Dodoma, Jaji Mwalusanya yuleyule alithubutu kutamka kuwa adhabu hiyo inavunja Katiba. Januari 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba ni adhabu ya kikatili na ya kudhalilisha, lakini ikasema Katiba inairuhusu kwa maslahi ya jamii. Oktoba 1994, Dodoma pia, Jaji Kahwa Lugakingira aliruhusu mgombea binafsi katika uchaguzi, katika shauri lililofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila. Kabla mwaka haujaisha, Bunge lilibadilisha Katiba kuufunga mlango huo. Suala hilo lilirudi Mahakama Kuu mwaka 2006, likaamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 2010, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ikaamua kuwa katazo hilo linakiuka haki.

Huo ndio ujaji wa Mahakama Kuu. Juu yako wapo wanaoweza kukupindua, na pembeni lipo Bunge linaloweza kuibadilisha sheria uliyoisimamia. Kinachobaki ni sababu ulizoandika. Zikiwa imara, huendelea kusomwa hata baada ya amri yenyewe kufutwa.

Nani humwona kabla hajaapa?

Kama njia ya jaji ina uzito huo, basi namna anavyochaguliwa si jambo la Ikulu na Tume peke yao. Tume ya Utumishi wa Mahakama inaongozwa na Jaji Mkuu. Wamo Jaji wa Rufani, Jaji Kiongozi, Mwanasheria Mkuu wa Serikali na wajumbe wawili wanaoteuliwa na Rais. Mashauriano yao na Rais hufanyika faraghani. Mwananchi hulisikia jina likiwa tayari limeteuliwa.

Kenya walichagua njia nyingine baada ya Katiba ya 2010. Mwombaji wa ujaji huko hufanyiwa usaili hadharani na Tume ya Huduma za Mahakama. Huulizwa kuhusu hukumu zake, mali zake, hata malalamiko ya wateja wake wa zamani, huku wananchi wakitazama. Njia hiyo nayo haikumaliza mivutano. Mwaka 2019 Tume ilipendekeza majina 41. Rais Uhuru Kenyatta alikaa nayo hadi Juni 2021, akateua wengi wao na kuwaacha sita. Sita hao walisubiri hadi Septemba 2022, William Ruto alipoingia madarakani na kuwateua. Tofauti ni kwamba Wakenya walijua nani ameachwa, na wangeweza kuuliza kwa nini.

Huku kwetu, Februari mosi 2021, kwenye kilele cha Wiki ya Sheria jijini Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kumpandisha Jaji Zephrine Galeba wa Mahakama Kuu, Musoma, kwenda Mahakama ya Rufani. Alimsifu kwa kuandika kwa Kiswahili uamuzi katika shauri la mgodi wa North Mara. Mwaka huohuo sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Kwa mdaawa anayetaka kuielewa hukumu yake bila mkalimani, hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini siku ile ilionyesha pia jinsi njia ya jaji inavyoweza kupinda kwa neno la mtu mmoja. Safari hii neno lilikuwa la pongezi kwa jambo jema. Mfumo mzuri haupaswi kutegemea hilo.

Hakuna haja ya kunakili kila kitu cha jirani. Ingetosha kuanza na dogo: Tume itangaze majina inayoyafikiria kabla ya kuyapeleka kwa Rais, na itoe wiki chache kwa mawakili, mahakimu na wananchi kupeleka maoni. Hukumu za hakimu anayefikiriwa zipo na zinaweza kusomwa. Mwenendo wa wakili unajulikana na wenzake. Aliyefanya kazi safi kwa miaka 10 au 20 hapotezi kitu kwa kutazamwa wiki tatu zaidi, na anayeogopa kutazamwa ametueleza jambo tulilohitaji kulijua kabla hajakabidhiwa mamlaka ya kutamka kifo.